Kamera iliyofichwa bafuni: sheria ya Uingereza inasemaje?

Mama Salma: Ndugu zangu, binti yangu anasoma Uingereza, na amekuta kamera ndogo imefichwa bafuni katika nyumba aliyopanga. Msimamizi wa nyumba anadai kwamba, kwa kuwa hakuna picha iliyosambazwa, hakuna kosa. Je, ni kweli?

Mzee wa Baraza: Pole sana, mama. Si kweli hata kidogo. Katika England na Wales, kifungu cha 67 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2003 hakihitaji picha zisambazwe: kumrekodi mtu akiwa faraghani bila ridhaa yake, kwa nia ya kujiridhisha kingono au kumridhisha mwingine, ni kosa lenye adhabu inayofikia kifungo cha miaka 2, na hata kufunga kifaa kwa nia ya kumchungulia kunatosha. Asiing'oe kamera, polisi waikute palepale ilipo, maana huo ndio ushahidi.

Tausi: Naongeza kwamba sheria hiyo ilikuwa na pengo kwa wanaopiga picha chini ya sketi za wanawake hadharani, mpaka kampeni ya Gina Martin ilipozaa kifungu cha 67A mwaka 2019. Mwaka 2020, Mahakama ya Rufani iliamua pia kwamba aliye faraghani na mwenzake kwa hiari bado analindwa asirekodiwe naye kwa siri, uamuzi ambao kwangu ni wa haki kabisa.

Mama Salma: Asanteni sana. Namwambia awapigie polisi sasa hivi, na usiku huu alale kwa rafiki yake.