Tovuti ina hitilafu ya hifadhidata lakini logi ya makosa iko tupu, nifanyeje?

Mhazini_Arua
Habari za leo wakubwa. Natunza tovuti ya kikundi chetu cha akiba hapa Arua. Seva ni kompyuta ya mezani iliyo chini ya kaunta, ina Linux, PHP (lugha ya programu ya tovuti) na MySQL (programu ya hifadhidata). Tangu Jumatatu mwanachama akifungua ukurasa wa michango anaambiwa "hitilafu ya hifadhidata", basi. Kurasa nyingine zinafunguka. Nikitazama logi ya makosa (orodha ya hitilafu zilizotokea) upande wa msimamizi, hamna hata mstari mmoja! Akina mama wanauliza akiba yao iko wapi, nami sina la kuwajibu.

Kijana_wa_Kampala
Angalia diski kwanza, andika df -h. Ikijaa, MySQL haiandiki kitu.

Mhazini_Arua
Imetumika asilimia 38 tu.

Fundi_Jinja
Ndugu mhazini, hiyo logi inaandikwa wapi? Programu nyingi huiweka kwenye jedwali ndani ya hifadhidata hiyohiyo. Jedwali hilo nalo likiharibika, kosa linakosa pa kuandikwa, linapotea kimya. Kwenye php.ini (faili ya mipangilio ya PHP) weka log_errors = On, na error_log iwe faili ambayo www-data (mtumiaji anayeendesha seva ya tovuti) anaruhusiwa kuandika. Isikae ndani ya folda ya tovuti, watu wataisoma kwa kivinjari. Halafu soma /var/log/mysql/error.log, hiyo haitegemei PHP kabisa.

Mhazini_Arua
Faili ya PHP imenyamaza, lakini ya MySQL ina mistari tele! Jedwali la michango na lile la logi, yote mawili yameandikiwa "crashed", yaani yameharibika. Ni ya MyISAM, aina mojawapo ya uhifadhi wa majedwali ndani ya MySQL. Jumapili jioni umeme ulikatika tukiwa tunaingiza michango.

Fundi_Jinja
Hapo ndipo penyewe. Usikimbilie kukarabati! Zima MySQL, nakili folda nzima ya /var/lib/mysql kwenye flashi, ndipo uiwashe na kuandika REPAIR TABLE michango. Ukarabati huweza kudondosha rekodi, kwa hiyo linganisha na daftari. Kisha ALTER TABLE michango ENGINE=InnoDB, ili lihamie aina nyingine ya uhifadhi. Umeme ukikatika tena, InnoDB hujirekebisha MySQL ikiwaka. La logi vilevile.

Kijana_wa_Kampala
Na UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), hata ndogo.

Mhazini_Arua
Kaka, asante sana. Ukurasa umefunguka. Daftari lina michango 412, jedwali lina 409. Mitatu iliyokosekana ni ya Jumapili ileile, nimeiingiza upya kwa mkono huku wenyewe wamekaa pembeni wakitazama.