Kiwiko kinauma zaidi baada ya fiziotherapia: niendelee au niache?

Randa Kongwe:
Wanajamvi, salamu. Mimi ni seremala, na kwa miezi mitano upande wa nje wa kiwiko changu cha kulia umekuwa ukiuma kila ninaposhika bisibisi, ninapokamua kitambaa au hata ninaponyanyua kikombe. Nimekwenda fiziotherapia mara nne. Mtaalamu husugua kwa kidole gumba mahali penyewe panapouma, akipitisha kidole kwa kuikingama kano, kisha hunipa dambeli ya kilo 2 niishushe polepole kwa kifundo cha mkono. Kila nikitoka huko huuma kuliko nilivyokwenda, na baada ya kikao cha jana sikupata usingizi kabisa. Je, haya ni maumivu ya kawaida ya tiba, au naumizwa? Niseme wazi kwamba nimekwisha kufikiria kuacha.

Mama Tulivu:
Pole sana, ndugu yangu. Mimi lilikuwa goti, na nilikanyaga ngazi nikilia kwa karibu mwaka mzima kwa sababu sikutaka kupumzika. Mwili hukopesha, lakini hudai. Tatizo lenu mafundi ni kudhani kwamba mkono ni chombo kama vyombo vingine. Punguza kazi kwanza, ndipo uulize habari za tiba.

Mnyoosha Viungo:
Mkuu, mimi nafanya kazi hii ya fiziotherapia. Unavyoeleza inafanana na kile kinachoitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaokipata hawajawahi kushika raketi. Kano ya misuli inayokunja kiganja kuelekea nyuma imechoka pale inaposhikamana na mfupa, na haiponi kwa kulala tu. Inahitaji mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Kwa hiyo kuuma kiasi baada ya mazoezi hakumaanishi kuumizwa. Kipimo ninachowapa wagonjwa ni hiki: katika 0 hadi 10, maumivu yasizidi 4 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Misuli isiyozoea zoezi huweza kuuma siku 1 hadi 3, lakini huo ni uchovu wa misuli ya mkono, si mwiba kwenye mfupa unaokunyima usingizi. Kama vidole vinakufa ganzi, au kiwiko kimevimba na kina joto, nenda ukapimwe upya bila kusubiri. Sasa nijibu: umewahi kuchomwa sindano kwenye kiwiko hicho?

Randa Kongwe:
Hakuna ganzi wala uvimbe. Nimetumia vidonge vya kawaida vya maumivu na mkanda wa kubana chini ya kiwiko, ambao unasaidia kidogo ninapopiga randa.

Mnyoosha Viungo:
Sikuuliza vidonge, mkuu. Nimeuliza sindano.

Randa Kongwe:
Ndiyo, nimechomwa steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, mara mbili. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili wa maumivu, na kwa wiki tano nilifanya kazi kama sijawahi kuugua. Ya pili nimechomwa siku tatu kabla ya kikao cha jana. Mtaalamu wa fiziotherapia hajui, kwa sababu aliyenichoma ni mwingine na sikuona haja ya kuwagombanisha. Nina kazi ya makabati ambayo lazima niikabidhi, na ya tatu nimekwisha kuiwekea siku, Jumamosi ya wiki ijayo. Msinilaumu, ni sindano peke yake iliyowahi kunipa nafuu ya kweli.

Mnyoosha Viungo:
Sikulaumu, lakini swali lako la mwanzo sasa lina jibu jingine. Sindano yenyewe huweza kuchochea maumivu kwa siku moja au mbili, na kano iliyotoka kuchomwa hupumzishwa kwanza. Kidole gumba na kilo 2 siku ya tatu si mpango ambao mtaalamu wako angeuchagua kama angejua. Kuhusu nafuu, mwaka 2006 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Australia wenye watu 198. Katika wiki ya 6 waliochomwa walikuwa mbele ya wote. Baadaye 47 kati ya 65 waliokuwa wamefanikiwa walirudi nyuma, na mwaka ulipotimia hata waliosubiri bila tiba walikuwa na hali bora kuliko wao. Wiki zako tano ni sura hiyohiyo.

Msomaji wa Usiku:
Samahani, uzi huu unanitia shaka. Mwanzoni kiwiko kimeuma miezi mitano mfululizo. Sasa zimezuka wiki tano bila maumivu na sindano mbili. Nimeona nyuzi nyingi za namna hii ambazo mwisho wake ni mtu kutangaza mkanda, na mkanda umekwisha kutajwa.

Mama Tulivu:
Kuficha na kutunga ni vitu viwili. Mimi mwenyewe nilimficha daktari kwamba nilikuwa nikitembea na lile goti.

Mnyoosha Viungo:
Kupona ghafla, kufanya kazi kwa nguvu zote na kurudiwa na maumivu ni jambo ninalolikuta mara kwa mara. Kwangu huko kugongana kwa maelezo ndiko kunakonifanya niamini.

Randa Kongwe:
Siuzi chochote. Niliziruka zile wiki tano kwa sababu nilijua mtauliza zilitoka wapi. Naona haya kumwambia mtaalamu, kwani ananihudumia kwa moyo.

Mnyoosha Viungo:
Mwambie kwa sentensi moja tu, tarehe za sindano zote mbili. Huenda akaacha kusugua, akaiondoa dambeli kwa muda, kisha akuanzishe upya kwa kukaza mkono bila kuusogeza, sekunde 30 hivi, mara chache. Kazini nyanyua vitu kiganja kikitazama juu, ndipo kano hiyo ipumue. Asubuhi ya leo maumivu yalikuwa ngapi?

Randa Kongwe:
Yalikuwa 6, na sasa jioni ni 4. Nimempigia, tutaonana kesho kabla ya kazi. Ile ya Jumamosi sijaifuta. Nitamsikiliza yeye kwanza.