Mita 60 za kingo za mto: zibaki zilivyo au kila bonde lipimwe lenyewe?

Mtoa mada:
Wakuu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Huku Iringa na Njombe, sheria hiyo inaangukia vinyungu, yaani bustani za bondeni za mboga na mahindi mabichi ya kiangazi. Pigeni hesabu: shamba linalopakana na mto kwa mita 100 linapoteza mita za mraba 6,000, kama ekari moja na nusu. Mto ukipita katikati ya shamba, ni karibu ekari tatu. Mwenye ekari mbili kwisha habari yake. Kenya, kanuni za maji za 2007 ziliweka kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Uganda, kanuni za 2000 zinataka mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na 30 kwa mingine. Kwa nini sisi tuna namba moja kwa Rufiji na kwa kijito cha kurukwa?

Mpinga hoja:
Mkuu, hapo kwenye upana ndipo unapojikwaa. Chemchemi na vijito vya juu ndivyo vyembamba kuliko vyote, na ndivyo vinavyolisha mto mzima. Ukifuata upana, chanzo chenyewe kinapata ulinzi mdogo kuliko mahali popote. Halafu upana wa lini? Wa Aprili au wa Oktoba? Tumeshaona Ruaha Mkuu ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu miaka ya 1990.

Mtoa mada:
Ruaha usiubebeshe vinyungu, ndugu. Maji yale yalichepushwa na mifereji ya mpunga kule Usangu. Mita 60 za ukingoni hazizuii banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji kwenye mfereji.

Mpimaji:
Mnagombania namba, wakati uwandani namba yenyewe haipimwi sawasawa. Makosa ni mawili. La kwanza, kamba ya kupimia inaanzia yalipo maji siku ya kupima, na upimaji hufanyika kiangazi kwa sababu ndipo kunapopitika. Masika maji yanakuja hadi kwenye alama ya mita 60. Anzia ukingo wa maji ya masika: tafuta takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa matope shinani, na pale matete yanapokoma. La pili, kamba inalazwa juu ya mteremko. Umbali wa ramani ni wa usawa. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 60 za kamba iliyolala ardhini ni kama mita 56 tu. Vuta kamba ikae sawa, kwa vipande vya mita 10, ukishusha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) kila kipande.

Bwana shamba:
Naunga mkono, ila mimi sioni jembe la mkono kuwa ndilo adui mkubwa. Mharibifu ni mfereji wa kutoa maji. Bonde likichimbwa mifereji ya kwenda kiunoni, maji ya ardhini yanashuka, udongo ule mweusi wenye mboji unakauka, unapasuka na kudidimia. Msimu unaofuata mkulima anachimba zaidi ili ashuke nao. Bustani ya matuta bila mfereji mrefu, yenye ukanda wa matete au nyasi za vetiva ukingoni, haifanani kabisa na hiyo, lakini alama ya mita 60 inazihukumu sawa. Kichekesho ni kwamba kuna walioondoa mboga wakapanda mikaratusi, wakasifiwa kwa kutunza mazingira! Mikaratusi inanyonya maji kuliko kabichi yoyote. Panda mivengi au mikuyu.

Mpinga hoja:
Mifereji nakubaliana nawe. Lakini nani atapita kila kinyungu kupima kina chake? Alama hata mtoto anaiona.

Mtendaji:
Kijiji kinaweza, kwa sheria ndogo. Kifungu chenyewe kinampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli ndani ya mita 60, kwa hiyo sheria ndogo isipunguze namba; iseme kinachokatazwa humo: mfereji, mikaratusi, dawa za kupulizia, mifugo kunywea popote. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili na kuipitisha, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Nyingi zinakwama hapo: muhtasari hauna orodha ya mahudhurio, au akidi haikutimia. Na vijiji vingine vinaanza kutoza faini kabla ya idhini ya wilaya. Hiyo faini haina nguvu ya kisheria, na mkulima akienda kuipinga anashinda.

Mtoa mada:
Basi nibadilishe ombi. Mita 60 zibaki, lakini mwongozo wa Waziri utaje kina cha mfereji kwa sentimita. Bwana shamba, ungeweka ngapi?

Bwana shamba:
Sentimita 30, na mfereji usiungane na mto.