Naomba ushauri: shule inataka nimhamishe binti yangu mwenye uoni hafifu

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana ualbino na uoni hafifu, yuko darasa la sita shule ya serikali. Kwenye mitihani ya shule anapewa karatasi za kawaida na muda uleule wa wenzake, hamalizi. Nimepeleka barua ya daktari wa macho. Mwalimu mkuu anasema nimpeleke shule maalumu. Mtoto anaelewa masomo vizuri, inaniuma sana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma na wenzake, na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huwapa watahiniwa kama yeye maandishi makubwa na muda wa ziada.

Je, nianzie kwa Afisa Elimu Kata au niende moja kwa moja halmashauri? Na ombi la maandishi makubwa darasa la saba hupelekwa na shule au mzazi?