Mchungaji apewe mkataba kama meneja? Tujadili

Msafiri wa Malaba
Ndugu zangu, juzi kwenye kikao cha parokia yetu mwenzetu wa benki alipendekeza mchungaji apewe mkataba wa miaka mitano na malengo ya sadaka kila robo mwaka, akishindwa aondoke. Kasisi akamjibu kwa Mathayo 20: wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu, "lakini haitakuwa hivyo kwenu". Mimi naunga mkono mkataba. Pesa za Mungu haziwezi kuachiwa mabaraza yaliyojaa wazee wasiojua hata kusoma hesabu. Mnaonaje?

Mama Samaki, Majanji
Kaka, mimi ni mweka hazina wa kanisa mwaka wa tisa. Nauza samaki, na shule niliishia darasa la sita. Kila Jumapili namwaga sadaka mezani mbele ya watu watatu, sarafu za mia tano kando, za mia mbili kando, kisha naandika kwenye daftari na wote wanatia sahihi. Jogoo na mkungu wa matoke tunavipiga mnada hapo hapo nje, na bei inasomwa kwa sauti. Nani hajui kusoma hesabu?

Kijana wa Jinja
Mama, pole, nadhani hakukulenga wewe. Lakini kwenye ukomo wa uongozi, dunia ndiyo ijifunze kwa kanisa. Askofu wa Church of Uganda, yaani Anglikana, anastaafu akiwa na miaka 65. Wa Katoliki akifika 75 anaandika barua ya kuomba kung'atuka. Bunge letu je? 2005 liliondoa ukomo wa mihula ya rais, 2017 likaondoa ukomo wa umri wake.

Dereva wa Trela
Kustaafu kunasaidia nini kama akiwa kazini anakaa kama mfalme? Mwanangu alipata kipaimara mwaka jana. Chini ya hema kulikuwa na kiti kimoja cha velveti nyekundu, mgongo wake mrefu kuliko mtu, na zulia mpaka kwenye gari. Watoto wakakaa juani kuanzia saa tatu hadi saa saba. Yesu alijifunga taulo akaosha miguu! Na askofu akipokea gari kutoka kwa Rais, kesho atamkemea kwa mdomo gani? Askofu Mkuu Luwum wa Church of Uganda alimkemea Rais Amin ndiyo maana wakamuua, 1976.

Msafiri wa Malaba
Sasa mmeacha mkataba mnajadili kiti.

Kijana wa Jinja
Kiti ni heshima ya ofisi, mzee. Hata mwenyekiti wa kijiji anawekewa kiti.

Dereva wa Trela
Ndiyo hasa ninachosema! Umelinganisha askofu na mwenyekiti wa kijiji na huoni tatizo?

Mjukuu wa Balokole
Luwum aliuawa 1977, si 1976, tarehe 16 Februari, ndiyo maana siku hiyo tunapumzika. Maaskofu walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kupinga mauaji, na serikali ikatangaza kwamba Luwum amekufa kwa ajali ya gari. Luwum alitoka katika uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, na mimi nimelelewa humo. Mwaka 1941 chuo cha Bishop Tucker pale Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 kwa sababu ya uamsho huo, William Nagenda akiwemo. Hakuwa kasisi, lakini makasisi walimsikiliza. Nyumbani kwa babu, kasisi alikaa mkekani na mchunga ng'ombe, wakaitana ndugu, na kasisi naye akaungama dhambi zake wote wakisikia. Msiniambie hapakuwa na uongozi pale. Ulikuwepo, tena mkali. Mkataba wa benki unaogopa mtu kukosa pesa; wale waliogopa mtu kukosa ukweli.

Msafiri wa Malaba
Hapo umenigusa. Lakini hazina ikiliwa, kuungama kunairudisha?

Mjukuu wa Balokole
Zakayo alirudisha mara nne.

Mama Samaki, Majanji
Bado sijaombwa radhi.

Msafiri wa Malaba
Mama, nisamehe. Nilisema kwa hasira. Kwetu daftari lilipotea na hakuna aliyeulizwa.

Mama Samaki, Majanji
Nimekusamehe, mwanangu. Basi kwenye kikao kijacho ulizia daftari hilo kabla ya mkataba, na uulize ni akina nani waliokuwa mashahidi wa kuhesabu.

Dereva wa Trela
Na aulize kiti kilinunuliwa kwa pesa gani.