Mtambo wa gesi karibu na nyumba: wakubwa hupima nini kabla ya kutoa kibali?

Mpangaji_Eastlands
Wadau, hamjambo. Mtaani kwetu kumebandikwa notisi ya mtambo wa kujaza mitungi ya gesi, tangi la tani 20. Ghorofa ya karibu iko mita 40 hivi kutoka kwenye ukuta wa ploti. Tuna siku 30 za kutoa maoni. Sitaki kuandika barua ya "tunaogopa" tu. Usalama wetu unapimwaje dhidi ya ajira na bei ya gesi, na nani mwenye neno la mwisho?

Kipimo_na_Vali
Neno la mwisho halina mwenyewe mmoja, na hapo ndipo mambo huharibikia. Hapa Kenya, NEMA (mamlaka ya mazingira) hutazama athari kwa mazingira, kaunti hutazama matumizi ya ardhi na michoro, EPRA (mdhibiti wa nishati na petroli) hutoa kibali cha kujenga mtambo wenyewe. Leseni ya mmoja si ruhusa ya mwingine, ila mwenye mradi atakuonyesha ile aliyo nayo kana kwamba ndiyo yote.

Kumbukeni mlipuko wa gesi wa Mradi, Embakasi jijini Nairobi, usiku wa 1 Februari 2024. EPRA ilieleza kwamba maombi ya kujenga mtambo pale, ya Machi, Juni na Julai 2023, yote ilikuwa imeyakataa, sababu kubwa ikiwa michoro kutotimiza umbali wa usalama, na watu walivyosongamana pale. Leseni ya NEMA ilikuwa imeshatoka Februari 2023. Kwenye karatasi mizani ilifanya kazi. Kwenye ploti gesi iliendelea kuingia.

Kuhusu ajira na bei: hayo huwekwa kwenye mizani wakati wa kutunga kanuni, maana Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inadai maelezo ya gharama na faida kanuni inapowabebesha watu mzigo mkubwa. Kanuni ikishapita, umbali ni umbali. Hata ukiahidi kuajiri vijana 100, mita hazipungui.

Hesabu_za_Moto
Naongezea kuhusu tathmini ya hatari kwa hesabu, ambayo mdhibiti anaweza kuidai mahali penye watu wengi. Kila ajali inayowezekana (mpira wa kupakulia kukatika, vali kuvuja, tangi kupasuka kwa joto) hupewa uwezekano wake kwa mwaka na eneo litakaloungua. Vikizidishwa na kujumlishwa, hupatikana mistari ya hatari kwenye ramani. Uingereza, kwa mfano, hatari ya kifo ya 1 kati ya 10,000 kwa mwaka kwa raia wa kawaida ndiyo kikomo cha kuvumilika. Chini ya 1 kati ya 1,000,000 huonekana ndogo.

Lakini msiishie kwenye uwezekano. Kanuni ya mkato ya kipenyo cha mpira wa moto: 5.8 mara kipeuo cha tatu cha kilo za gesi. Mtungi wa kilo 13 hutoa mita 14 hivi. Tani 20 ni mita 157, kwa sekunde 12 hivi. Na huo ni moto wenyewe. Joto linalounguza ngozi hufika mbali zaidi. Kipenyo hicho ni mita 78 hivi kila upande wa tangi, kwa hiyo tangi likiwa karibu na ukuta, mita 40 zenu zimo ndani.

Mahali pa kuchungulia kwenye ripoti: je, lori linaloleta gesi limehesabiwa, au ni tangi tu? Embakasi kilicholipuka, kwa taarifa ya serikali, ni lori lililopakiwa gesi. Pia tazameni idadi ya watu. Wastani wa kata nzima huficha ghorofa moja yenye vyumba 60.

Mama_Mitungi
Mimi siungi mkono kukataa kila mtambo. Ukifunga mitambo yote halali, ujazaji unahamia vichochoroni, wanahamisha gesi mtungi kwa mtungi bila mizani. Mtungi ukijazwa kupita kiasi, gesi haina nafasi ya kutanuka jua likipiga. Mdhibiti anayapima hayo pia.

Kipimo_na_Vali
Kweli, ila jibu lake ni ploti yenye nafasi. Si hii.

Mpangaji, barua iwe hivi: namba ya ploti, mita mlizopima wenyewe kutoka kwenye tangi lililochorwa hadi nyumba, shule na barabara, hesabu ya watu usiku na mchana, picha. Nakala kwa NEMA, EPRA na kaunti, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku hiyohiyo ombeni tathmini ya hatari kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: jibu ni ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa inahusu uhai wa mtu, kwa hiyo neno "uhai" liwe kwenye sentensi ya kwanza. NEMA wakitoa leseni hata hivyo, mna siku 60 za kukata rufaa kwa Baraza la Rufaa la Mazingira.

Mpangaji_Eastlands
Asanteni. Kesho tunaanza na futi kamba. Lori nalo litasimama wapi likipakua, mchoro hauonyeshi.

Hesabu_za_Moto
Basi hilo liwe swali lenu namba moja.