Tupeane uzoefu: kosa la mwaka wa kwanza Stardew Valley ambalo likikujia mpaka leo unaziba uso

Mkulima wa Usiku

Wakuu habari zenu. Jana nimefungua shamba jipya Stardew Valley, lile gemu la kulima, la tatu hili, na kabla hata sijashika jembe nikakumbuka upuuzi wa shamba la kwanza nikacheka peke yangu kama chizi. Nikaona tupeane uzoefu, kila mtu aje na kosa lake la mwaka wa kwanza, lile lililomuuma kweli. Naanza mimi.

Spring yangu ya kwanza nilianza kama wote, 500g mfukoni (g ni hela ya humo) na zile mbegu 15 za pasnipi. Nikalima, nikauza, nikavua vua kidogo, ilipofika tarehe 20 nina 2,400g na ushee nikajiona tajiri wa bonde zima. Nikaingia kwa Pierre mwenye duka nikaona koliflawa, mbegu 80g ukivuna unauza 175g, hesabu ya kichwani ikanipa faida zaidi ya mara mbili, nikabeba mbegu 30, hela yote kwisha. Nimepanda kwa mistari iliyonyooka, namwagilia kila asubuhi, jioni nazipitia tena kuziangalia tu. Tarehe 28 nikalala na matumaini yangu. Naamka summer tarehe 1, shamba zima limekauka, kahawia tupu, miche yote 30. Nikadhani simu ina shida nikaizima nikaiwasha. Kumbe koliflawa inataka siku 12, msimu una siku 28 basi, na zao la spring halivuki hata usiku mmoja kuingia summer. Siku ya mwisho ya kupanda ilikuwa tarehe 16, mimi nimekuja tarehe 20 kifua mbele.

Haya, nani anafuata?

Mama Vifaranga

Mkuu wewe umepoteza mboga, mimi nimepoteza mtu wangu.

Nilikuwa na kuku wanne, kila mmoja na jina. Kuna mmoja mweupe yeye kila siku wa mwisho kurudi bandani. Sasa mimi nilikuwa na tabia ya kufunga kale kamlango mapema nikihofia nikienda mgodini nitasahau. Siku hiyo nikafunga jioni jua halijazama vizuri, sikuhesabu nani yuko ndani, nikaenda zangu. Asubuhi naletewa ujumbe kwamba kuku wangu ameshambuliwa na mnyama usiku. Yaani nilikaa nimeshika simu nimenyamaza, mume wangu ananiuliza kuna nini nashindwa kumwambia nalia kuku wa kwenye gemu.

Kwa wageni hapa: mlango ukiuacha wazi haina shida kubwa, kuku wenyewe wanaingia kulala. Hatari ni kumfungia mmoja nje. Kwa hiyo kabla hujafunga ingia ndani uhesabu, na kama huna muda wa kuhesabu basi acha wazi. Na siku ya mvua hawatoki kabisa, usihangaike.

Kijana wa Mgodini

@Mama Vifaranga pole sana dada, nimecheka halafu nikaona aibu kucheka.

Langu mimi ni fyekeo. Siku ya kwanza nikafyeka nyasi zote za shamba nikafurahi shamba limekuwa safi. Sijui habari za silo, lile ghala la majani. Kumbe ukiwa na silo ukifyeka unaweza kupata majani makavu ya kulisha mifugo, bila silo nyasi zinapotea bure. Nimekuja kununua kuku nyasi hazipo hata moja, majani yenyewe nanunua kwa Marnie muuza mifugo kila siku kama mpangaji anayelipa kodi kwa siku. Silo ni 100g tu jamani, mawe 100, udongo wa mfinyanzi 10 na vipande 5 vya shaba. Jenga silo kabla ya banda. Kabla!

Stroberi Kwanza

Mimi nilisoma mahali kwamba stroberi usipande mwaka wa kwanza, nunua mbegu kwenye sherehe ya Egg Festival uzitunze mpaka spring inayofuata. Nikanunua 20, 2,000g nzima, nikaziweka sandukuni. Summer imefika sina hela ya mbegu za bluberi, nachimba mizizi mwituni kama panya, na sandukuni nina mali imelala. Hilo ndilo kosa langu.

Fundi Sprinkla

@Stroberi Kwanza sasa hapo tutabishana. Ushauri uliosoma ni sahihi kabisa. Stroberi ukiipanda tarehe 1 unavuna tarehe 9, 13, 17, 21 na 25, mavuno matano. Ukiipanda tarehe 13 siku ya sherehe unapata mawili tu. Mbegu ile ile.

Stroberi Kwanza

Mkuu hesabu yako haina shida ila umesahau tumbo. Mbegu ni 100g, tunda ni 120g, mavuno mawili ni 240g na unaipata kabla spring haijaisha. Hiyo ndiyo mtaji wa summer. Wewe unayesubiri mwaka mzima ni sawa na mtu anayetunza mbegu wakati watoto hawajala. Sherehe ikiisha unarudishwa nyumbani saa nne usiku, una masaa manne mpaka saa nane, piga jembe usiku huo huo panda zote. Hata ukichoka kabisa unaweza kupanda mpaka tarehe 16 na bado ukavuna mara mbili.

Fundi Sprinkla

Saa nne usiku nilime? Hilo gemu la kupumzika au kibarua?

Haya, nakupa nusu. Mwaka wa kwanza panda nyingi, bakiza chache za mwaka wa pili. Na langu mimi ni fupi: nilimpa Clint mhunzi keni ya kumwagilia aiboreshe siku ya jua kali, akakaa nayo siku mbili. Mimea haikufa maana hili gemu mmea ukikosa maji haufi, unasimama tu kukua, ila siku mbili hizo ndizo zilizonikosesha mavuno ya mwisho. Sasa hivi naangalia tivii kwanza, ikisema kesho mvua ndipo nampelekea.

Msimamizi wa Bahari

Mimi nilikuwa nachukia kuvua. Willy mvuvi kaniita tarehe 2 kanipa fimbo ya bure, nikaenda ziwani kule mlimani, samaki anaruka juu chini kile kibao cha kijani kinamkosa, nikajaribu mara saba nikarusha simu kitandani. Sikugusa fimbo mpaka winter. Mwaka mzima masikini wakati wenzangu wanajenga.

Kilichonikomboa ni mambo mawili. Moja, Willy anauza fimbo ya kujifunzia 25g tu, ile kibao chake ni kikubwa, unapata samaki wa kawaida tu siyo wenye nyota lakini mkono unazoea na levo inapanda, na kila levo ikipanda kibao kinaongezeka hata ukirudi kwenye fimbo nyingine. La pili, acha kubonyeza ukang'ang'ania. Gonga gonga kidogo kidogo, kibao kielee, hasa samaki akiwa chini kabisa maana ukiachia ghafla kinadunda. Wiki ya kwanza hakuna hela ya haraka kama samaki, nawaambia.

Mjukuu Asiye na Haraka

Ninyi wote mnasumbuliwa na kitu kimoja, mmekuja bondeni mkakimbizana na kalenda. Mimi shamba langu mwaka wa kwanza lilikuwa magugu tupu, nilikuwa nazunguka nasalimia watu na kuokota makombe ufukweni. Kosa langu lilikuwa lingine, niliambiwa babu, yule marehemu aliyetuachia shamba, anarudi mwanzo wa mwaka wa tatu kutathmini, nikapata hofu, miezi ya mwisho nikaanza kukesha mgodini nazimia kila saa nane usiku naamka hela imepungua na nguvu nusu. Gemu likageuka mtihani. Babu akaja akanipa mishumaa miwili kati ya minne. Miwili! Baada ya mateso yote.

Halafu ndipo nikagundua ukiweka almasi pale kwenye kaburi lake anakutathmini upya, wakati wowote, hata mwaka wa saba. Hakuna kinachofungwa. Nimepata minne mwaka wa tano nikiwa nimekaa zangu nasubiri divai iive.

Kofia Tatu

@Mjukuu Asiye na Haraka umenena ila ngoja nikwambie kinachofungwa: Community Center, lile jengo la zamani unalolifufua kwa kukamilisha vifurushi vya vitu. Mimi nilienda Joja, lile duka kubwa, nikaona uanachama 5,000g nikadhani ni kadi ya punguzo la bei, kama duka lolote. Nikalipa. Kesho yake lile jengo la zamani linageuzwa ghala na wale vijitu wa msituni waliokuwa wakilitengeneza wameondoka. Nilikuwa nimeshakamilisha vifurushi vya spring vyote. Unaweza bado kufungua grinihausi na basi na mengine yote kwa kulipia hela kwa Joja, haizuii gemu, ila nilijisikia msaliti mpaka nikaanza shamba jipya.

Mama Vifaranga

@Kofia Tatu na hao vijitu walikuwa wanapunga mkono 😭

Dada Mkubwa Hapa

Langu ni la kucheza wawili. Mimi na mdogo wangu shamba moja, hela ya pamoja. Nimechimba wiki mbili nakusanya 10,000g ya kupanua nyumba, mbao 450 tayari ziko sandukuni. Naenda kwa Robin seremala nakuta hela haitoshi. Kijana kagundua yule panya wa msituni anauza kofia, kofia moja 1,000g, kanunua tatu. Tatu! Na amevaa moja ananizunguka anacheka.

Mkicheza na mdogo wako au mwenza wako nendeni nyumbani kwa meya Lewis, kuna kitabu pale mnaweza kutenganisha hela kila mtu na mfuko wake. Udugu utabaki.

Kofia Tatu

@Dada Mkubwa Hapa dada jina langu limekuambia nini 😂

Dada Mkubwa Hapa

Ni WEWE??

Mgeni Bondeni

Samahanini naingilia, mimi ndio nimeanza juzi kwenye simu. Nasikia kuna apdeti mpya, nisubiri au nianze tu? Na zile kabichi nyekundu zinapatikana wapi, nimetafuta mpaka nimechoka.

Fundi Sprinkla

@Mgeni Bondeni karibu sana. Anza tu usisubiri. Kubwa ya mwisho ni 1.6, kwenye kompyuta ilitoka 19 Machi 2024, sisi wa simu na wa konsoli tukaipata 4 Novemba mwaka huo huo. 1.7 Eric Barone mwenyewe, mwenye gemu, ameshathibitisha kwamba inatengenezwa. Apdeti zake zote ni bure na shamba la zamani linaendelea, hivyo hupotezi kitu. Huyu jamaa ndiye aliyelitengeneza gemu peke yake, picha muziki na kila kitu, zaidi ya miaka minne mpaka likatoka Februari 2016, na ana lingine la duka la chokoleti alilitangaza 2021 tunalisubiri mpaka leo. Hatumharakishi, tukimharakisha atatuambia tumwagilie kwanza.

Kama unapenda mifugo kwenye 1.6 kuna shamba la Meadowlands, unaanza na banda na kuku wawili badala ya zile pasnipi. Kwa mgeni mimi ningeshauri shamba la kawaida, nafasi ni kubwa.

Kabichi nyekundu kwa Pierre inakuja mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza bahati yako ni kile kigari cha yule mama wa msituni, Ijumaa na Jumapili, usipite bila kuchungulia. Ukianza shamba jipya kuna kitufe cha mipangilio ya ziada, weka tiki kwenye ile ya kuhakikisha Community Center inamalizika mwaka wa kwanza, basi kabichi itakuja kwenye kigari lazima. Ukiipata usiile, usiiuze, usimpe mtu zawadi. Mimi nilimpa mtu zawadi.

Msimamizi wa Bahari

Nani?

Fundi Sprinkla

Sitaki kuongelea.

Kijana wa Mgodini

@Mgeni Bondeni la mwisho kutoka kwangu, Pierre Jumatano amefunga, usitembee na pesa zako mpaka mlangoni kama sisi wote tulivyofanya. Na mgodini lifti inasimama kila ghorofa ya tano, kwa hiyo ukiona saa sita usiku uko ghorofa ya 43 rudi nyumbani, usijiambie bado mbili tu. Mimi "bado mbili tu" imenipotezea upanga.

Mgeni Bondeni

Asanteni wakuu. Leo ni Jumatano huku bondeni na nimesimama mlangoni kwa Pierre nasoma hii.

Mkulima wa Usiku

Wakuu nimesoma zote, nimecheka mpaka nimeamsha watu ndani. @Mama Vifaranga kuku wangu wa kwanza kwenye shamba hili nampa jina la yule mweupe wako, niambie aliitwaje.

Halafu nina swali dogo tu. Usiku kucha nimecheza, nimeshafika fall, tarehe 18, na leo nimepanda maboga 40, hela yote nimeweka humo. Yanachukua siku ngapi?

Fundi Sprinkla

13.

Stroberi Kwanza

Mkuu. 18 jumlisha 13.

Mama Vifaranga

Aliitwa Karafuu. Na pole.